Bernie njo mchawi? Vitabu vinne vya chama kilichoshindwa



Kwetu mutu akifa ghafla, hata kabla kaburi halijachimbwa, kuna shangazi mmoja pale kwenye kilio anayeuliza kwa sauti ya chini: alikuwa amekosana na nani? Munganga alikwisha kuandika karatasi, ugonjwa uko na jina lake, lakini karatasi haitoshi. Inatakiwa mutu. Wademokrati wa Marekani walikaa kwenye kilio cha namna hiyo kuanzia usiku wa tarehe 8 Novemba 2016, na mutu wao hawakuchukua muda kumpata: mzee wa miaka 75, nywele nyeupe, senatere wa Vermont, Bernie Sanders. Yeye alikuwa ameshindwa kwenye mchujo wa chama. Hillary Clinton aliyemshinda akashindwa naye na Donald Trump. Toka siku ile swali likawa moja tu: yule aliyeshindwa kwanza njo alimuloga yule aliyeshindwa mwisho?

Nimesoma vitabu vinne juu ya ugomvi huo. Cha Hillary mwenyewe, What Happened, kilichotoka Septemba 2017 (wenye kusoma Kifaransa watakipata kwa jina Ça s'est passé comme ça). Cha Donna Brazile, Hacks, cha Novemba 2017. Cha Bernie, Our Revolution, kilichotoka siku saba tu baada ya uchaguzi. Na kile cha waandishi wa habari wawili, Jonathan Allen na Amie Parnes, Shattered, cha Aprili 2017. Megabytes ziko bei, wote tunajua, kwa hiyo nitawaambia kipi kinastahili na kipi munaweza kuacha.

Mutu atauliza: agronome anatafuta nini kwenye masolo ya Wamarekani? Na sisi tuko na shida zetu. Sawa. Lakini muangalie promosyo zetu. Mutu anamaliza licence, anazunguka na dosye miaka miwili, mitatu, na mlango mmoja unaobaki wazi ni wa chama. Chama kinamupa tisheti, kofia na pesa ya moto, kinamutuma kupanga viti vya mkutano. Siku ya ushindi vyama vyote vinafanana, kila mutu anacheza. Siku ya kushindwa njo unajua chama chako ni kitu gani: nani anaitwa msaliti, nani anafukuzwa kwenye group, nani anaandika ripoti na ripoti inafichwa wapi. Wademokrati wako na faida moja juu yetu: waliandika. Wakatukanana kwa vitabu vizima, na majina na tarehe. Sisi tunaweza kusoma bila kutoa jasho.

Kwanza hesabu, juu bila hesabu tutarudi kwa shangazi. Kwenye mchujo wa 2016 Hillary alipata kura karibu milioni 16.9, Bernie karibu milioni 13.2. Wajumbe waliochaguliwa na wananchi: 2,205 kwa 1,846. Si kushindwa kwa aibu, lakini ni kushindwa. Tarehe 12 Julai Bernie alisimama karibu na Hillary kule Portsmouth, New Hampshire, akasema anamuunga mkono, na baadaye akazunguka majimbo mengi kumuombea kura. Novemba, Hillary alimpita Trump kwa kura karibu milioni 2.9 nchi nzima, lakini kule Marekani hazihesabiwi hivyo, kuna ile mambo ya grands électeurs. Akaanguka kwa sababu ya majimbo matatu: Michigan kwa kura 10,704, Wisconsin kwa 22,748, Pennsylvania kwa 44,292. Jumlisheni: haifiki 78,000, kati ya watu zaidi ya milioni 130 waliopiga kura.

Mushike vizuri hiyo 78,000. Ugomvi wote uko ndani yake.

Sasa kitabu cha Hillary. Niseme ukweli: kimeandikwa vizuri kuliko nilivyofikiri. Kinaanza na siku ya kiapo cha Trump, yeye na Bill wamekaa pale juu ya jukwaa kwa sababu desturi inataka ma-rais wa zamani wahudhurie, na anaeleza namna ya kukaa na uso wako mbele ya kamera wakati ndani unalia. Anaeleza kutembea porini karibu na nyumba, mvinyo, mazoezi ya kupumua kwa tundu moja la pua. Watu walicheka hizo kurasa. Mimi sikucheka. Mutu mzima anayekubali kuonyesha namna gani alibeba aibu mbele ya dunia anaheshimiwa. Na kuna sura juu ya West Virginia, nchi ya wachimba makaa, ambayo ni nzuri kabisa. Machi 2016 alisema mbele ya kamera kwamba serikali yake itafunga kazi za wachimba makaa wengi. Alikuwa anataka kufikisha kwenye mpango wa kuwatafutia kazi nyingine, lakini watu walisikia ule mustari mmoja tu. Anasema njo neno alilojutia kuliko yote. Kisha alienda kule, akakaa meza moja na wanaume waliopoteza kazi, akavumilia kupigiwa kelele nje. Wachimbaji wa kwetu Kivu na Katanga wangeelewa sura hiyo bila mkalimani.

Lakini anapofika kwa Bernie, kalamu inabadilika. Hapo haandiki tena mutu anayechunguza, anaandika mutu anayedai deni. Anasema mashambulio ya Bernie yalimuumiza kwa muda mrefu na yakamufungulia Trump njia ya kumuita mwizi. Anasema Bernie si mtoto wa chama, na hakuingia kuhakikisha Mdemokrati anashinda, aliingia kuvuruga. Halafu kuna ile hadithi ya farasi mdogo, aliyoichukua kwenye Facebook: Bernie anasema Wamarekani wote wapate farasi mdogo, Hillary anauliza farasi watatoka wapi na nani atalipa, na watu wanamjibu Hillary kwamba yeye anachukia farasi. Inachekesha, na kidogo ni kweli. Kila mutu aliyewahi kuwa trésorier wa komite ya wanafunzi anajua uchungu wa kukaa karibu na kandida anayeahidi basi ya bure.

Shida ni hii, na sijui kwa nini watu hawakuisema zaidi. Ndani ya kitabu hicho hicho Hillary anaeleza kwamba yeye na watu wake walifanya kazi ya siri juu ya mpango mmoja mkubwa: kumupa kila Mmarekani pesa kidogo kila mwaka, kwa mfano wa jimbo la Alaska ambalo linagawia wananchi wake faida ya mafuta. Wakaupa jina: Alaska for America. Wakapiga hesabu, hesabu zikakataa, wakauacha kimya. Na sasa, baada ya kushindwa, anajiuliza kama haingekuwa vizuri kuutangaza vile vile kama ndoto ya mbali, halafu mambo madogo madogo yatafutwe baadaye.

Kumbe naye alikuwa na farasi wake kwenye zizi. Alikosa tu kumtoa nje.

Kwangu hapo njo kiini cha kitabu, na mwandishi amepita juu yake kama mutu anayepita juu ya nyoka bila kumuona. Kama ahadi isiyo na hesabu ni udanganyifu wakati Bernie anaitoa, haiwezi kuwa ujasiri uliokosekana wakati Hillary anaiota. Na kama anakubali kwamba watu walihitaji kitu kikubwa cha kuamini, basi Bernie hakumuibia kitu. Alimuonyesha mapema, Februari, jibu ambalo yeye alilitafuta Novemba wakati mtihani umekwisha. Mapema kabisa, tena: New Hampshire, tarehe 9 Februari, Bernie 60% na Hillary 38%. Michigan, tarehe 8 Machi, uchunguzi wa maoni ulisema Hillary ataongoza kwa mbali, Bernie akashinda. Wisconsin, Aprili, Bernie akashinda. Majimbo mawili kati ya yale matatu yaliyomuangusha Novemba yalikuwa yamekwisha kumuandikia barua. Na Wisconsin, kwa kampanye yote iliyofuata mchujo, hakukanyaga hata mara moja.

Turudi kwa ile 78,000. Watu wa Hillary wako na hoja nyingine yenye nguvu, nisiifiche. Uchunguzi mkubwa mmoja wa wapiga kura ulionyesha kwamba karibu 12% ya waliomchagua Bernie kwenye mchujo walimchagua Trump Novemba. Ukiweka hiyo 12% kwenye yale majimbo matatu, inapita ile tofauti. Basi mchawi amepatikana? Polepole. Mwaka 2008 Hillary alishindwa mchujo na Obama, na sehemu ya watu wake waliokwenda kwa McCain, Mrepublikani, ilikuwa kubwa kuliko hiyo ya Bernie. Obama akashinda vile vile, na hakuna aliyeandika kitabu juu ya usaliti. Tena Jill Stein wa chama cha Kijani alipata kura zaidi ya ile tofauti kwenye kila moja ya majimbo matatu. Tena kulikuwa na barua ya Comey wa FBI tarehe 28 Oktoba, siku kumi na moja kabla ya kura. Tena Warusi na barua-pepe zilizoibwa. Tena Wisconsin isiyotembelewa.

Sisi wa agronomie tuko na namna ya kusema jambo hili. Shamba likikosa kidogo tu kufikia mavuno uliyotaka, kila upungufu unaweza kujiita sababu. Mvua ilichelewa wiki moja: sababu. Palizi ya pili haikufanyika: sababu. Panya, sababu. Kila mmoja anasema kweli, na kila mmoja peke yake anadanganya. Mkulima mwenye akili anaanza na kile kilicho mikononi mwake. Mvua hana ruhusa nayo, palizi ni yake. Hillary, kwa haki yake, anaandika mara nyingi kwamba kampanye ilikuwa yake na maamuzi yalikuwa yake. Lakini hesabuni kurasa: palizi inapata mistari, mvua inapata sura nzima. Pesa alizolipwa na Goldman Sachs kwa hotuba tatu, dola 675,000, anakubali kwamba hakufikiria zitaonekana namna gani, kisha anaendelea na safari. Bernie alijenga nusu ya kampanye yake juu ya hizo hotuba! Huwezi kusema mutu alikupaka matope bila kukaa dakika moja zaidi juu ya matope yenyewe yalitoka wapi.

Donna Brazile ni habari nyingine. Huyu mama alichukua chama kwa muda Julai 2016, wakati Debbie Wasserman Schultz alipotoka kwa aibu, baada ya WikiLeaks kumwaga barua-pepe za ofisi ya chama. Ndani ya barua hizo kulikuwa na wafanyakazi waliopaswa kuwa wasimamizi wa mchezo wakizungumza namna ya kumtega Bernie, hata kwa swali la kama anaamini Mungu. Brazile anasimulia kwamba alifungua vitabu vya pesa na kukuta chama kimebeba deni la kampanye ya Obama ya 2012, kwamba kampanye ya Hillary ililibeba deni hilo, na kwamba kwa mkataba wa Agosti 2015 ilipata sauti juu ya pesa, mipango na watu wa chama, miezi mitano kabla ya kura ya kwanza ya mchujo. Anasema aliwasha mshumaa, akaweka nyimbo za injili, akampigia Bernie simu kumuambia alichokuta.

Ni ukurasa mzuri sana wa sinema. Ulipotoka kwenye gazeti Politico tarehe 2 Novemba 2017 chama kikawaka moto. Elizabeth Warren aliulizwa kwenye televizyo kama mchujo ulipangwa, akasema ndiyo, halafu siku chache baadaye akapunguza sauti. Zaidi ya watu mia moja waliofanya kazi na Hillary wakaandika barua ya wazi kumkana Brazile. Na Brazile mwenyewe? Akaenda kwenye televizyo kusema hakuona ushahidi wa mchujo kuibwa. Mama, mshumaa basi ulikuwa wa nini?

Sipendi Hacks, na sababu yangu si kwamba inasema uongo. Mkataba ulikuwepo, umeonekana na wengi, na unanuka. Chama hakiwezi kuwa mpira na mwamuzi na mfadhili wa timu moja. Sababu yangu ni kwamba mwandishi anachagua saa ya kuwa na dhamiri. Ni yeye huyo huyo ambaye, kufuatana na barua zilizovuja Oktoba 2016, alikuwa amepitishia watu wa Hillary swali la mjadala kabla ya wakati, na CNN ikaachana naye. Mutu aliyefungua mlango wa nyuma hawezi kuniongoza kwenye safari ya kukagua kufuli. Kitabu hiki musome sura ya mkataba, zilizobaki muache.

Lakini haki ni haki, na sasa zamu ya watu wa Bernie. Mimi mwenyewe nilimpenda yule mzee, sitaficha. Hata hivyo lile neno lao, «Bernie angeshinda», ni imani, si hoja. Ndiyo, uchunguzi wa maoni wa mwaka 2016 ulionyesha anampita Trump kwa pointi nyingi kuliko Hillary. Ni sawa na mbegu iliyopimwa kituoni, na mbolea, na maji, na mlinzi wa ndege. Warepublikani hawakuwa wamemugusa, walimuacha anone. Mbegu ya kituo tunajua inavyofanya ikifika kwenye shamba la mama wa kijijini.

Na hesabu za mchujo haziwatetei kama wanavyofikiri. Kule South Carolina Hillary alipata zaidi ya 73%, na kati ya wapiga kura weusi alimshinda Bernie karibu sita kwa mmoja. Watu weusi wa Kusini si biro ya chama kule Washington. Wale ni mama wa kanisa, walimu, wazee waliopigwa na polisi kwa ajili ya kura. Kusema chama kiliwapangia kura ni kuwatukana. Tena Bernie alishinda majimbo mengi ya mikutano, zile caucus, ambapo watu wachache ndio wanaweza kukaa saa nyingi. Kanuni hiyo ilimsaidia yeye, na hatujamsikia mutu wake akiilalamikia. Na wale wajumbe wakubwa, ma-superdelegate, karibu mia saba wasiochaguliwa na mutu, ambao wengi wao walikuwa na Hillary kabla hata mchujo haujaanza: mwanzo watu wa Bernie walisema ni aibu ya demokrasia. Ikafika Mei, hesabu ikakataa, wakaanza kuwaomba wajumbe hao hao wahame waje kwao. Eh! Ubaya wa kanuni unategemea umekaa upande gani wa meza, Washington kama Kinshasa.

Walichokuwa na haki nacho kabisa ni vitu vidogo vya kuchosha ambavyo havifanyi sinema. Kwenye jimbo la New York, mutu asiye wa chama aliyetaka kupiga kura ya mchujo wa tarehe 19 Aprili 2016 alipaswa kubadilisha karatasi zake kabla ya tarehe 9 Oktoba 2015. Miezi sita na zaidi, wakati wengi hawajasikia hata jina la Bernie. Mijadala ilikuwa sita tu mwanzoni, mmoja ukawekwa Jumamosi usiku, siku chache kabla ya Noeli. Hapo hakuna aliyeiba kura, lakini nyumba ilipangwa ili mgeni asipate kiti. Na kwa hilo ugomvi ulizaa kitu: Agosti 2018, kule Chicago, chama kiliondolea wajumbe wakubwa haki ya kupiga kura kwenye duru ya kwanza ya kumtaja kandida. Tusidharau. Ni vyama vingapi munavijua vilivyoshindwa halafu vikapunguza nguvu ya wakubwa wake?

Shattered nitaipita haraka. Imejaa watu wasiotajwa majina wanaotoa siri ili wao waonekane walijua mapema. Lakini ina jambo moja ambalo vitabu vingine vinalikimbia: kampanye ilihangaika muda wote kupata sentensi moja ya kueleza kwa nini Hillary anataka kuwa rais. Pesa ilikuwepo, kompyuta zilikuwepo, vijana wa hesabu walikuwepo. Sentensi ikakosekana. Na Our Revolution nusu ya pili ni programu ya serikali, afya, mishahara, minervali, inachosha kama syllabus. Kwa kuwa sehemu kubwa iliandikwa kabla ya Novemba haiwezi kutueleza kushindwa. Hata vile, ndicho kitabu pekee kati ya vinne ambacho msomaji akikifunga anabaki na kazi ya kufanya, si na jina la kuchukia.

Kwetu? Tulikuwa na mchujo mmoja wa kukumbukwa, tarehe 11 Novemba 2018, Genève. Watu saba kwenye chumba, wakamtaja Martin Fayulu. Kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe wakaondoa sahihi zao, wakisema msingi umekataa, na kabla mwezi haujaisha wawili hao wakawa Nairobi wanasaini yao nyingine. Tangu 2011 uchaguzi wetu wa rais ni wa duru moja, anayeongoza anachukua, hata bila kufika nusu. Kwa kanuni ya namna hiyo upinzani unahitaji mchujo kuliko hata Wamarekani. Bernie alisubiri karibu miezi sita, akahesabiwa kura milioni 13, akashindwa, akaja kusimama karibu na aliyemshinda, na bado akaitwa mchawi. Wetu hakuna aliyehesabiwa. Kura saba za hotelini haziwezi kumfunga mutu mikono, juu hata yule anayeshindwa anajua hakushindwa na wananchi. Vitabu vyetu juu ya usiku ule vikiandikwa siku moja, vitakuwa na mishumaa mingi, tarakimu hakuna.

Kuna kitu kimoja vitabu vyote vinne vinakosa. Kwenye mchujo ule wa 2016, Bernie alipata kura za vijana wa chini ya miaka 30 kuliko Hillary na Trump wakijumlishwa pamoja. Mzee wa miaka 74 wakati huo, mutu asiye na sura ya matangazo, anayepewa dola 27 kwa wastani na watu wasio na kitu! Chama chochote chenye akili kingelala na kuamka na swali hilo. Badala yake, vijana wale walipewa jina la kejeli wakati wa mchujo, wakaombwa kura wakati wa uchaguzi, halafu wakawekewa lawama wakati wa kilio. Februari 2017, kule Atlanta, chama kilipochagua mwenyekiti mpya, kandida aliyeungwa mkono na Bernie, Keith Ellison, alishindwa na Tom Perez kwa 235 dhidi ya 200. Perez akampa Ellison unaibu palepale, ukumbini, mbele ya watu. Ilikuwa ishara nzuri, na bado ugomvi haukuisha. Mwanzoni mwa 2020, kwenye filamu iliyotengenezwa juu ya maisha yake, Hillary alisema tena kwamba hakuna mutu anayempenda Bernie. Miaka mitatu na zaidi baada ya kura, na wakati huo mchujo mwingine unaanza.

Mwaka ule Bernie alishindwa tena, safari hii na Joe Biden. Watu wa Biden na watu wa Bernie waliunda makundi sita ya kazi, hali ya hewa, afya, shule na mengine, wakaandika pamoja ukurasa kwa ukurasa kabla ya Novemba. Mmoja wa walioongoza kundi la hali ya hewa alikuwa Alexandria Ocasio-Cortez, binti ambaye mwaka 2016 alikuwa anagonga milango kwa ajili ya Bernie, na mwaka 2018 akamwangusha mmoja wa wakubwa wa chama kwenye mchujo wa New York. Kitabu cha mutu kama huyo, aliyekuwa mlangoni na karatasi mkononi wakati wakubwa wanagombana ndani, ndicho ningetaka kusoma cha tano. Kwa sasa, anayetaka kuanza aanze na sura ya West Virginia ya Hillary, halafu atafute zile kurasa za Alaska. Nusu saa inatosha.